Nesi kuongea na mgonjwa wa akili si upole, ni kazi ya kufunzwa

Mhariri,

Nimesoma ile barua ya msomaji wenu aliyelalamika ati manesi wa wodi za akili ni wakali, mama yake alikuwa anaongeleshwa kama mtoto, "meza dawa wacha maneno". Mimi ni nesi wa wodi kama hiyo, sitasema ni hospitali gani, na sikuja kumpinga. Nimekuja kuongeza, manake vile ameandika ni kama shida ni roho mbaya tu. Si hivyo. Kuongea na mgonjwa wa akili ni kazi kama kudunga sindano, inafunzwa, na mtu asipofunzwa vizuri hata awe mpole kama kondoo atakosea.

Mimi nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza tuliletewa kijana wa bodaboda, watu wake wamemfunga mikono na kamba, anasema polisi wanamsikiliza kupitia simu. Mi nikajifanya mwerevu, nikachukua hiyo kabambe yake nikatoa betri nikamwonyesha hakuna kitu, tukabishana karibu nusu saa, sauti yake inapanda na yangu inapanda, mwishowe nikaita watu wamshike. Sista mmoja wa kitambo akatuondoa sote hapo, akavuta kiti akaketi kando yake, si uso kwa uso, akamwambia, "Mi siwaskii hao polisi, lakini naona unaogopa sana. Hata usingizi naona haujakuja." Halafu akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Kijana akasema ana siku nne hajalala, akalia, akaomba maji, na hayo maji ndiyo alimezea dawa.

Nilikuja kuelewa baadaye alichofanya. Hakumkubalia kwamba polisi wapo, na pia hakubishana. Ukibishana na kitu mgonjwa anaamini unakikaza zaidi, ukimkubalia unamdanganya, kwa hivyo unashika ile hofu, manake hofu yake ni ya kweli. Na kule kunyamaza ni sehemu ya kazi. Sisi hapa kwetu kimya hatukiwezi, mtu akinyamaza kidogo tu tunarusha "pole", tunarusha "utapona usijali", "mwachie Mungu". Maneno mazuri ya matanga hayo, lakini kwa wodi yanafunga mlango, mgonjwa anajua umechoka kumskiza.

Na haya si mambo mapya. Hildegard Peplau, Mmarekani, nesi mwenyewe, aliandika tangu 1952 kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa ndio kiini cha uuguzi, si njia ya kupitishia dawa tu. Jina lake tulilikariri, tukaliandika kwa mtihani, tukapita. Shida yangu iko hapa: yote tulifunzwa kwa Kiingereza. Maswali ya kumfungua mgonjwa tulikariri kwa Kiingereza halafu tukaingizwa wodi ambayo watu wanaongea Kiswahili, Sheng, Kikamba, Kijaluo. Sasa jaribu kumuuliza mtu wa Kayole "unajisikiaje kuhusu jambo hilo?" Atakwambia niko poa, na machozi yanamtoka. Muulize "mawazo ni mengi siku hizi?" ama "usiku unalala ama unahesabu mabati?" uone kama hataongea mpaka chai yako ipoe. Watu wetu hawakuji wakisema wana dipresheni, wanasema kichwa imejaa, moyo ni mzito, nawaza sana, mwili unauma kila mahali na hospitali hawaoni kitu. Halafu hii "kwa nini" yetu ni kama kesi. "Kwa nini hukumeza dawa?" hiyo ni sauti ya mwalimu wa nidhamu, mtu anaanza kujitetea. Afadhali "ilikuwaje mpaka dawa zikakushinda?"

Swali la kujiua ndilo linatisha manesi wachanga, wanadhani wakiuliza watamtia mtu wazo. Hapana, kumuuliza waziwazi hakumtii wazo, nimeona wengi wakishusha pumzi tu kwamba kuna mtu amethubutu kuuliza. Lakini tukumbuke mpaka tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua Kenya ilikuwa ni makosa ya jinai. Nani angekufungulia roho na anajua akitoka hapo anaweza kupelekwa kortini? Mpaka leo nakutana na wagonjwa hawajaskia hiyo imebadilika, inabidi nianze na hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine.

Sijitetei, lakini kuna usiku niko peke yangu na wagonjwa 30 na kitu, mmoja anagonga mlango, mwingine amekataa sindano, hapo hata huyo Peplau angepiga kelele. Serikali iongeze manesi, sawa, hiyo kila mtu husema. Langu mimi ni dogo: vyuo vya uuguzi viwape wanafunzi mtihani wa kuketi na mtu na kuongea naye kwa Kiswahili na kwa Sheng, mwalimu akiwa hapo anaskiza, na mwanafunzi akianguka arudie kama vile angerudia ule wa sindano.

Na wewe msomaji uliyeandika ile barua, kama mama bado yuko wodi, ukienda kumwona tafuta nesi wa zamu umwambie mama amezoea kuitwa nani. Kama ni Mama fulani, kama ni Shosho, kama ni Mwalimu. Sisi kwa faili tuna namba ya kitanda na jina la kitambulisho. Kuna mama nilimwita jina la kitambulisho wiki mbili nzima hanijibu, tukaandika ati hataki kuongea, siku kijana wake alikuja wodi akasalimia watu akasema amekuja kuona Mama Kevo. Asubuhi yake nikamwita hivyo. Akaniuliza kama uji uko na sukari.

Nesi, Umoja, Nairobi