Vijana wa zumaridi: barua kuhusu timu ya Montserrat

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho halijibiki kwa mistari miwili. Umeuliza kisiwa chenye watu wasiofika 5,000 kinapataje timu ya taifa, tena ukaongeza kwamba timu iliyowahi kupigwa 13–0 haina historia ya kusimuliwa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Nivumilie, maana jambo lenyewe lina vipande vingi.

Lazima nianze na mlima. Montserrat ni kisiwa cha kilomita za mraba 102 hivi, kusini-magharibi mwa Antigua, na ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Kusini mwake kuna volkano ya Soufrière Hills. Tarehe 18 Julai 1995 ikaanza kulipuka. Aprili 1996 watu wote wa Plymouth, mji mkuu, walihamishwa, na mwaka uliofuata mji ukafukiwa na majivu na mawe. Tarehe 25 Juni 1997 mawimbi ya gesi ya moto na vifusi yaliteremka mlimani yakaua watu 19. Uwanja wa ndege wa Bramble nao ukaangamia mwaka huohuo. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Wengi wao wakaishia Antigua na Uingereza. Hadi leo zaidi ya nusu ya kisiwa hakikaliwi.

Sasa pandisha soka juu ya tarehe hizo. Chama chao kilianzishwa 1994. Mwaka 1995, mlima ukiwa bado kimya, timu iliifunga Anguilla mara mbili katika mchujo wa Kombe la Karibiani, 3–2 na 1–0. Uanachama wa FIFA ukaja 1996, mwaka uleule Plymouth ilipohamwa. Walipopata haki ya kugombea Kombe la Dunia ndipo walipopoteza uwanja wao wa Sturge Park, mji uliokuwa na vijana wengi, na njia ya kusafiria. Mchujo wao wa kwanza wa Kombe la Dunia, Machi 2000, walicheza na Jamhuri ya Dominika wakafungwa 3–0 na 3–1, na hata mechi iliyoitwa ya nyumbani ilipigwa Port of Spain, Trinidad.

Mechi ya Bhutan uliyoisikia ni kweli, ilikuwepo. Waholanzi fulani, baada ya timu yao kukosa tiketi ya Kombe la Dunia la 2002, walipata wazo la kuzikutanisha timu mbili za mkiani katika viwango vya FIFA, Bhutan ya 202 na Montserrat ya 203, siku ileile ya fainali ya Brazili na Ujerumani, 30 Juni 2002. Mchezo ulifanyika uwanja wa Changlimithang, Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, na mwamuzi alikuwa Mwingereza Steve Bennett. Bhutan walishinda 4–0. Wangyel Dorji alifunga matatu peke yake, la kwanza dakika ya 5. Kombe lenyewe lilitengenezwa likatike katikati, kila upande uondoke na nusu yake. Ukiyatazama matokeo hayo tu unaweza kudhani Montserrat hawakujua mpira, lakini piga hesabu ya mwili. Thimphu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na wachezaji waliozoea kukimbia usawa wa pwani walifika huko baada ya siku kadhaa za kubadilisha ndege. Mwili unahitaji wiki mbili au zaidi kuzoea mwinuko kama huo. Asiyepata muda huo hupumua kwa shida baada ya kila mbio ndefu, na beki akichelewa nusu hatua kurudi, bao limeshaingia.

Na hiyo 13–0 unayoishikilia ilikuwa Bermuda, 29 Februari 2004, mjini Hamilton. Marudiano yalikuwa 21 Machi, wakafungwa 7–0, ila mara hii walicheza kwao, katika uwanja wa Blakes Estate uliojengwa kaskazini, upande salama wa kisiwa. Kumbuka kwamba wakati huo kisiwa hakikuwa na kiwanja cha ndege; kipya, kule Gerald's, kilifunguliwa 2005. Ilibidi mtu afike kwa feri au helikopta kutoka Antigua. Baada ya 2004 timu ikakaa bila mechi hadi Machi 2008, ilipocheza na Suriname mchezo mmoja tu huko Trinidad, ikafungwa 7–1.

Hapa ndipo penye kiini, rafiki yangu. Timu isiyocheza miaka mitatu si timu. Kipa hajawahi kusimama nyuma ya beki zake katika mechi ya kweli, kocha hajui nani anaweza kumaliza dakika 90, na aliyekuwa na miaka 19 sasa ana 22 na huenda kahamia Birmingham kutafuta kazi. Udogo wa kisiwa unadhuru, sikatai, lakini ukosefu wa mechi unadhuru zaidi. Mwaka 2011 walipokutana na Belize walifungwa 5–2 na 3–1, nayo mechi ya pili ikabidi ihamishiwe San Pedro Sula, Honduras, kwa sababu FIFA ilikuwa imeisimamisha Belize. Kisha Septemba 2012, huko Martinique, wakawatandika Visiwa vya Virgin vya Uingereza 7–0. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza tangu wajiunge na FIFA. Miaka 16 walisubiri.

Nini kilibadilika? Vyeti vya kuzaliwa vya bibi zao.

Nikueleze inavyokwenda, maana watu wengi hudhani wachezaji wa Uingereza wanachukuliwa tu kama mtu anavyochuma maembe. Wananchi wa Montserrat wana uraia wa Uingereza tangu sheria ya 2002. Pasipoti hiyohiyo inamruhusu mtu kuchezea England, Uskoti, Bermuda au Visiwa vya Cayman, kwa hiyo FIFA haitosheki nayo. Mchezaji mwenye uraia unaotumika na vyama zaidi ya kimoja lazima athibitishe jambo moja kati ya haya: alizaliwa kwenye eneo husika, au mzazi wake wa damu alizaliwa huko, au babu au bibi yake alizaliwa huko, au mwenyewe ameishi huko kwa muda uliowekwa.

Kwa kijana aliyezaliwa London, kazi inakuwa ya mnyororo wa karatasi. Cheti chake kinaonyesha jina la mama. Cheti cha mama kinaonyesha jina la bibi. Cheti cha bibi ndicho kinachoandika Montserrat. Bibi akiolewa akabadili jina la ukoo, cheti cha ndoa kinahitajika kuunganisha majina mawili, la sivyo mnyororo umekatika. Herufi moja ikitofautiana kati ya karatasi mbili, unaanza kuandikiana barua na ofisi ya vizazi. Na kama kijana aliwahi kuchezea chama kingine mechi rasmi ya mashindano, hata ya vijana, lazima aombe FIFA ibadilishe chama chake kabla hajagusa mpira. Anayetafuta wachezaji wa timu kama hii hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mezani, akiwauliza wachezaji wa madaraja ya chini habari za bibi zao.

Matunda yake ndiyo akina Lyle Taylor, mzaliwa wa Greenwich aliyezifungia mabao klabu za AFC Wimbledon na Charlton, na ambaye ndiye mfungaji bora wa Montserrat wa nyakati zote. Brandon Comley wa kiungo alilelewa QPR, klabu ya London. Wengine wako chini zaidi, kwenye ligi ambazo mchezaji anafanya kazi mchana na mazoezi jioni. Hao ndio wagumu kuwapata: klabu hupewa taarifa ya kumwachia mchezaji siku 15 kabla, lakini mwajiri wa duka au wa ghala hafuati kalenda ya FIFA, na likizo ni mpaka aombe. Kuna wanaosema timu ya namna hii ni ya kuazima. Mimi sioni hivyo. Familia hizo hazikuondoka kwa kupenda. Baadhi zilikimbia majivu. Mjukuu akivaa jezi ya kijani amerudi kwao kwa njia iliyobaki.

Kuwakusanya ni kazi nyingine. Dirisha la mechi za kimataifa huwa siku 9 hivi. Ndege kutoka London hadi Antigua huchukua kama saa 8. Kutoka Antigua kwenda Montserrat ni mwendo wa takriban dakika 20, ila njia ya kurukia ya Gerald's haifiki mita 700, kwa hiyo zinatua ndege ndogo za propela peke yake. Kikosi cha watu 23 na wasaidizi wao hakienei ndege moja. Kinagawanywa, na upepo au mawingu yakikataa, kundi la pili linalala Antigua huku la kwanza likifanya mazoezi lenyewe. Siku zinazobaki za kupanga safu ya ulinzi ni mbili au tatu. Ndiyo maana makocha wa timu za aina hii hupenda mpira wa kujibana nyuma na kutegemea mipira iliyokufa: kona na faulo vinafundishika kwa siku mbili, ila pasi za haraka kati ya watu ambao hawajacheza pamoja hazifundishiki.

Dalili ya kwanza ilionekana Machi 2015. Curaçao, iliyokuwa chini ya Patrick Kluivert, iliwafunga 2–1 kule Willemstad, na Blakes Estate wakatoka 2–2. Walitolewa kwa 4–3 ya jumla. Linganisha na 20–0 ya jumla dhidi ya Bermuda, miaka 11 tu nyuma yake.

Kisha CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibiani, ikaanzisha Ligi ya Mataifa, na kwa maoni yangu hilo liliwasaidia kuliko jambo lolote baada ya zile karatasi, kwa sababu sasa mechi zikawa za uhakika. Mchujo wake wa 2018–19 ulikuwa na timu 34, kila moja michezo minne. Montserrat, chini ya Mskoti Willie Donachie, beki wa zamani wa Manchester City, walifungwa na El Salvador 2–1, kisha wakaifunga Belize 1–0, Aruba 2–0 na Cayman 2–1. Pointi 9. El Salvador nao wakamaliza na 9, wakawapita kwa tofauti ya mabao, na tiketi ya Kombe la Dhahabu, kombe la mataifa ya CONCACAF, ikaenda kwao. Rudi kwenye ile mechi ya kwanza: kama ingekuwa sare, Montserrat wangekuwa na 10 na El Salvador 7. Bao moja.

Sasa 2021, na hapa naomba uchukue kalamu. Mchujo wa Kombe la Dunia la Qatar, kundi la timu tano, anayeongoza peke yake ndiye anayesonga. Matokeo yao: sare ya 2–2 na Antigua na Barbuda, sare ya 1–1 na El Salvador, 4–0 dhidi ya Visiwa vya Virgin vya Marekani, 2–1 dhidi ya Grenada. Hawakufungwa hata mechi moja. Msimamo wa mwisho: El Salvador 10, Montserrat 8, Antigua 7, Grenada 3, Visiwa vya Virgin 0.

Wengi wanasema ile sare na Antigua ndiyo iliyowaponza. Hesabu inakataa. Wangeshinda mechi hiyo wangefika 10, sawa na El Salvador, lakini El Salvador walikuwa na mabao mengi mno, waliwafunga Visiwa vya Virgin 7–0, na wangebaki juu. Mechi iliyoamua ni ile 1–1. Montserrat wangepata bao la pili siku hiyo, wangemaliza na 10 na El Salvador 9. Bao moja tena, dhidi ya nchi ileile, yenye mamilioni ya watu na iliyokwisha kucheza Kombe la Dunia mara mbili. Hiyo ndiyo timu uliyosema haina historia.

Sikufichi kilichofuata. Tarehe 2 Julai 2021, katika mchujo wa Kombe la Dhahabu kule Fort Lauderdale, Trinidad na Tobago waliwapiga 6–1. Kikosi chembamba kina tatizo hilo: watatu au wanne wakikosekana, akiba iliyopo nyuma yao si ya kiwango kilekile, na matokeo yanaporomoka mara moja.

Kwa hiyo ukitaka kuwafuatilia, usianze na viwango vya FIFA. Siku ya mechi pata orodha ya wachezaji 11 wanaoanza, angalia kila mmoja anacheza daraja gani huko Uingereza na wangapi wanacheza kisiwani kwenyewe. Kisha uliza uwanja ni upi: Blakes Estate ni jambo moja, mechi ya "nyumbani" iliyohamishiwa nchi nyingine ni jambo jingine. Ukishajua hayo mawili utakadiria matokeo vizuri kuliko msomaji wa msimamo.

Itafute ile 1–1 na El Salvador, iliyopigwa Willemstad Machi 2021, uitazame yote. Kisha niandikie unavyoona.

Wako,
rafiki yako wa siku zote