Barua kwa mwanangu: usipande Kitonga na gari hilo

Mwanangu,

Barua hii utaikuta juu kabisa ya boksi, kabla ya mchele. Nimeandika kwa sababu jana kwenye simu uliniitikia "sawa mama" mara nne, na hiyo ya nne naijua tangu una miaka sita. Jumamosi unataka kutoka Dar na mkeo, mtoto, na magodoro juu, uende kuanza kazi Njombe. Na gari likishapata moto linazima.

Usipande mlima Kitonga, ule wa njia ya Iringa, na gari hilo, baba.

Kazi nimeifurahia. Barua yako ya ajira nimemwonyesha mpaka muuza maziwa. Lakini mtu aliyesoma mpaka akaitwa injinia wa maji anakubalije kuuziwa pampu ya mafuta, plagi na filta, vyote ndani ya mwezi mmoja, na gari liko vile vile? Hakuna fundi hata mmoja aliyesubiri lizime mbele yake. Linafika gereji limepoa, wanaliwasha, linawaka, wanasikiliza kidogo, wanakuuzia kitu. Miaka 22 nimekaa kwenye kaunta ya spea. Nimeuza pampu kwa watu wengi ambao pampu zao zilikuwa nzima, na siwezi kusema kila mara nilikuwa sijui.

Ugonjwa wa namna hii unapimwa gari likiwa limezima, dakika zile zile, kabla halijapoa. Ukisubiri nusu saa ushahidi umeondoka. Kwa hiyo Alhamisi jioni, hapo hapo mtaani kwenu, lizungushe mpaka lizime. Mwache mkeo nyumbani na mtoto. Mchukue jirani akusaidie kupiga stata.

Kwanza angalia linavyozima. Likizima ukiwa umesimama kwenye foleni, halafu likawaka papo hapo, basi ni sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama: vali yake imejaa masizi, au kuna mpira wa hewa umepasuka. Hiyo inasafishwa. Likianza kukohoa na kukosa nguvu kabla ya kuzima, tafuta upande wa mafuta, na ufungue kifuniko cha tangi usikie kama linavuta hewa kwa nguvu. Lakini wewe uliniambia linakatika ghafla likiwa kwenye mwendo, kama mtu kazima taa, na sindano ya joto iko katikati pale pale. Halichemshi. Halafu linakaa nusu saa, linawaka. Mwanangu, hiyo ni cheche.

Hakikisha. Kwenye soksi ya kijani nimekuwekea plagi kuukuu. Likizima tu, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye hiyo kuukuu, uilaze igusane na chuma cha injini, kisha mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono, na usifanye hivyo kama unasikia harufu ya petroli. Ikitoa cheche ya buluu, moto upo, hangaika na mafuta. Isipotoa kitu, umempata. Pampu ya Corolla hiyo usiihukumu kwa kufungua switchi tu, kwa sababu hailii mpaka stata izunguke. Naona fundi wako wa kwanza alidanganyika hapo.

Halafu kuna kile kiboksi chini ya boneti chenye maandishi TE1 na E1. Unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, fungua switchi bila kuwasha, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: kompyuta haipati jibu la moto wa cheche. Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji, ile ya kompyuta, siyo ile ya dashibodi. Ikipepesa haraka haraka bila kutulia, kompyuta haijaandika kosa lolote, lakini hilo peke yake lisikufanye useme gari ni zima.

Gari lako koili, ile inayotengeneza moto wa cheche, imo ndani ya distribyuta, inayougawa moto huo kwa plagi, pamoja na ignaita, inayoikatia koili umeme. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele. Ukiwa na ufa, baridi inaushika, joto linautanua unaachana. Ndiyo maana mita ikipima asubuhi inaonyesha safi. Mwambie fundi apime baridi, aandike, apime tena likiwa limezima.

Hiyo distribyuta nilikupa mimi mwaka juzi. Nilikuambia haina neno. Wiki mbili kabla, mwenye taksi mmoja alikuwa ameirudisha, akasema akikaa foleni gari linazima. Nilimjibu spea ya mtumba hairudishwi. Akaiacha juu ya kaunta akaondoka bila hela yake. Kijana wa dukani akaijaribu kwenye gari lililopoa, likawaka, tukaona yule baba ni msumbufu. Wewe uliposema limezima Chalinze, nilikujibu ni mafuta machafu ya sheli. Nilijibu upesi sana siku ile.

Ndani ya boksi kuna mpya. Bei usiniulize. Lakini usiifunge kabla ya kupima, maana ninaweza kukosea mara ya pili. Na kabla fundi hajaichomoa ya zamani apige alama ilipokaa, asije akaharibu taimingi, ule wakati wa cheche kutoka.

Kitonga umeipita ukiwa abiria, umelala. Hujaishika wewe usukani. Pale njia ni ya kona kali, korongo upande mmoja, nyuma yako lori la Zambia limepanda kwa gia ndogo na halitaki kusimama. Injini ikikatika, usukani unakuwa mzito saa ile ile. Breki utakanyaga mara moja au mbili zitashika, baada ya hapo mguu unakuta kama umekanyaga jiwe. Na kabla ya Kitonga kuna Mikumi, karibu kilomita 50 ndani ya hifadhi. Likizima pale utashuka ufungue boneti mbele ya nyati, na mtoto yuko kiti cha nyuma? Nakuomba. Kama halijapona, panda basi. Gari liache hapa Msamvu, Morogoro, nitalifuatilia mwenyewe.

Ulisema utakuwa na maji ya kulimwagia. Hapana. Kitambaa chenye maji kidogo juu ya distribyuta kinaweza kukuonyesha kwamba ugonjwa uko pale, basi. Hakikufikishi Njombe.

Mchele ni wa Ifakara, mwambie mkeo asiusuuze mara tatu kama wa dukani, hauna mawe. Njombe kuna baridi, mtoto apate soksi nene, zile za mitumba za sufu zinatosha. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa mwembe, usinitumie hela, fundi nimeshampata. Fremu ya duka mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, nafikiria kuirudisha. Magoti yangu hayapendi tena kile kiti. Mdogo wako anataka aendelee na biashara, mimi sijamjibu.

Boksi limekuja na basi la asubuhi, kondakta ana namba yako. Plagi ile irudishe, ilikuwa ya marehemu baba yako.

Alhamisi usiku nipigie uniambie taa imepepesa mara ngapi. Hata ikiwa saa sita sitakuwa nimelala.

Mama yako