Barua kwa rafiki anayedai amana yake ya nyumba

Nyegezi, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimeumia kusoma kwamba mwenye nyumba anataka kuizuia amana yako yote kwa madai kuwa umeuharibu ukuta wa chumba cha nyuma. Nyumba hiyo ya Igogo ninaijua: imekaa chini ya miamba, na kila masika maji yanayoteremka mlimani huingia kwenye msingi na kupanda ukutani hadi rangi inabambuka. Mpangaji hawezi kubebeshwa gharama hiyo, lakini ni lazima uthibitishe.

Nakuomba uupige picha ukuta huo kabla hujakabidhi funguo, kwani fundi wake akishapaka rangi mpya, hutakuwa na cha kuonyesha. Anza na chumba kizima ili mlango na dirisha vionekane, kisha sogea karibu na uweke rula kando ya doa. Ule ungaunga mweupe wa chumvi uliotoka kwenye plasta, pamoja na rangi inayobanduka kuanzia sakafuni kwenda juu, ni dalili kwamba unyevu unatoka chini. Halafu zunguka nyuma ya nyumba upige picha mtaro ulioziba kwa mchanga na kokoto. Hiyo naithamini kuliko zote, maana ndiyo inayoonyesha chanzo.

Picha zenyewe zibaki kwenye simu yako, kwa sababu zikitumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupoteza taarifa za tarehe na mahali zilipopigwa. Jumbe ulizomwandikia ukilalamikia unyevu usizifute hata moja: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu mawasiliano ya namna hiyo yapokewe kuwa ushahidi, na uzito wake hutegemea pia jinsi yalivyotunzwa. Kama amana uliituma kwa simu, iombe kampuni taarifa ya miamala ya mwezi ule.

Siku ya makabidhiano mwombe mjumbe wa mtaa awepo, pamoja na jirani aliyekusaidia kukinga maji kwa ndoo. Andikeni hali ya kila chumba, msome kwa sauti, kisha wote mtie saini. Bili ya maji ilipe mapema, mwenye nyumba asipate kisingizio kingine. Akikataa kusaini, mjumbe aandike kwamba amekataa, nawe upeleke nakala ofisi ya serikali ya mtaa ukiomba usuluhishi.

Jumamosi asubuhi nitakuja na rula na simu yangu. Tafadhali utafute mkataba wako kabla sijafika, tusome pamoja kipengele cha amana.

Ni mimi rafiki yako.