Shukrani kwa dada wa mazoezi ya viungo, Chake Chake

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, ila Pemba ndogo, salamu zitakufika. Ulimsikia mwanangu akikohoa, ukatuhamishia barazani penye upepo, mbali na wenzake, wala hukututahayarisha. Kwani watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliodhurika mapema hata viungo visitii vyema, wengi hawana nguvu ya kukohoa makohozi yakatoka. Mafua ya kawaida huweza kuwashukia kifuani.

Halafu ulivyousafisha ule mkeka na mipira ya mazoezi! Kwanza maji na sabuni, ndipo jiki iliyozimuliwa, ukaiacha dakika 10 kabla ya kusuuza. Ukanambia uchafu huivunja nguvu jiki, ndiyo maana sabuni hutangulia.

Allah akulipe kheri, wewe na wazee wako.