Mchanga upimwe kwa futi, tripu sio kipimo

Mhariri, naomba nafasi niongelee biashara ya mchanga na kokoto huku Arusha, maana sisi tunaojenga kidogo kidogo kule Muriet na Olasiti tunaumia na hakuna anayetusemea.

Ukiuliza bei unaambiwa tripu ya kenta ni hii, ya fuso ni hii, basi. Tripu ni kiasi gani hakuna anayekwambia, na bodi zenyewe hazilingani, kuna kenta ina mbao za pembeni ndefu na nyingine fupi ila bei ile ile.

Jamani kupima sio kazi. Chukua futikamba upime bodi kwa ndani, urefu mara upana mara kina cha mchanga. Bodi ya futi 10 kwa 6, mchanga ukiwa na kina cha futi moja na nusu hapo una futi za ujazo 90, ambazo ni kama kyubiki mita mbili na nusu. Mchanga ukiishia nusu futi chini ya hapo zinabaki 60, yaani theluthi nzima haipo na hela umelipa yote! Na usipime katikati peke yake, pale wanarundika kichuguu alafu kwenye kona ni patupu, mwambie utingo asawazishe kwa chepe kwanza ndo upime. Masika ndo uwe makini zaidi, mchanga wenye unyevunyevu unavimba, unaweza kujaza hata robo zaidi ya ule mkavu na mchanga ni ule ule.

Kinachowachanganya wengi ni inchi. Kibaraza cha futi 10 kwa 12, zege unene wa inchi 4, mtu anazidisha zote anapata 480 anaogopa, wakati inchi 4 ni theluthi ya futi, jibu ni futi za ujazo 40. Ila vitu vikiwa vikavu vinatakiwa zaidi, maana mchanga unazama kwenye nafasi za kokoto, kwahiyo ongeza kama nusu, inafika 60 na kidogo. Kwa ratio ya moja mbili nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hapo ni saruji mifuko 7 ya kilo 50, mchanga futi za ujazo 17 au 18, kokoto 35. Sasa fundi akitaka fuso nzima ya mchanga kwa kibaraza hicho muulize unaobaki anaupeleka wapi.

Wakala wa Vipimo tunawaona kwenye mizani na pampu za mafuta, nawaomba wakaze na huku kwenye malori ya mchanga, kila bodi iandikwe ujazo wake kwa rangi ubavuni, kwa futi na kwa mita, hata bibi anayejenga chumba kimoja asome mwenyewe. Na wenzangu, panda juu upime kabla dereva hajamwaga, akishamwaga utamdai kwa ushahidi gani?

Msomaji wako,
Muriet, Arusha