Mlisho wa gazeti utoe habari nzima

Mhariri,

Naandika kuhusu mlisho wa RSS wa tovuti ya gazeti lako, ile faili ambayo programu za kusomea habari na tovuti za kukusanya habari huichukua kila baada ya muda ili kupata yaliyo mapya. Kwa sasa unatoa kichwa cha habari, maneno machache ya mwanzo, kisha nukta tatu. Tafadhali utoe habari nzima.

Huku Lamu jambo hili lina uzito. Abiria wa mashua ya Faza au Kizingitini anaweza kushusha habari akiwa bado gatini, penye mtandao mzuri, azisome njiani wakipita mlango wa bahari wa Mkanda. Mlisho ukiwa na habari nzima, simu haihitaji mtandao tena. Ukiwa na vipande, ana vichwa vya habari tu mpaka ashuke. Halafu kuna bando. Habari ya maneno 800 ya Kiswahili haifiki kilobaiti 10 hata pamoja na alama zake za HTML, ilhali ukurasa wake kwenye tovuti, na picha na matangazo yote, mara nyingi hupita megabaiti 2.

Kibaya zaidi ni pale kipande kinapokatwa. WordPress, kwa mfano, mfumo unaoendesha tovuti nyingi, ikiwa hakuna aliyeandika muhtasari kwa mkono, huhesabu maneno 55 ya mwanzo na kukata hapohapo, hata katikati ya sentensi. Tuseme Idara ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali wa kusi. Habari inaanza na nani kasema, ana cheo gani, alikuwa akizungumza wapi, na maneno 55 yamekwisha. Saa ya upepo kuanza, kasi yake na sehemu ya bahari inayohusika viko aya ya tatu. Nahodha amejua kuna onyo. Hajui ni la leo au la kesho.

Kurekebisha ni kazi ndogo. Kwenye WordPress ingia Mipangilio, ukurasa wa Kusoma, uchague matini kamili badala ya dondoo. Hapohapo pandisha idadi ya habari zinazotolewa. Kwa kawaida ni 10, nazo ni chache mno kwa gazeti la kila siku, kwani simu iliyolala bila mtandao itakuta habari za jioni zimeshasukumwa nje. Weka 50.

Kama mnatumia mfumo mwingine, fundi aweke habari nzima ndani ya sehemu ya mlisho iitwayo "content:encoded" na muhtasari ulioandikwa na mtu ndani ya ile iitwayo "description". Wengi hudhani lazima kuchagua kimoja, kumbe vyote hukaa pamoja. Tovuti ya kukusanya habari itaonyesha muhtasari na kiungo kwenye ukurasa wake wa wazi, na hivyo ndivyo inavyofaa, maana habari moja ndefu huzifukia za wengine. Msomaji aliyejiunga kwa programu yake atapata yote.

Fundi aangalie na haya. Anwani za picha ziwe kamili, kuanzia "https", la sivyo picha hazitaonekana nje ya tovuti yenu. "guid", yaani kitambulisho cha habari, isibadilike kichwa kikisahihishwa, maana msomaji ataletewa habari ileile mara mbili. Na tarehe ndani ya mlisho zibaki na vifupisho vya Kiingereza kama "Mon" na "Aug", pamoja na +0300, yaani saa za Afrika Mashariki. Mfumo ukizigeuza kuwa "Jumatatu" na "Agosti", programu nyingi hushindwa kuzisoma na kuzipanga habari ovyo.

Najua hofu ya wizi wa habari. Lakini mlisho wa vipande haumzuii mwizi: programu yake hufuata kiungo na kuzoa ukurasa mzima. Anayeumia ni msomaji mwaminifu. Uzito wa faili nao una dawa. Seva ikitoa "ETag", alama ya toleo la faili, programu inayouliza kabla hakujatokea kipya hujibiwa kwa 304 tu, yaani "hakuna kilichobadilika", bila kutumiwa faili; na kukiwa na kipya, gzip huibana faili inapotumwa.

Hofu ya matangazo ndiyo ninayoiheshimu, kwa kuwa anayesoma ndani ya programu hahesabiwi kwenye tovuti. Tangazo la maandishi au picha linaweza kuwekwa chini ya kila habari ndani ya mlisho, ila programu nyingi huondoa hati za JavaScript, kwa hiyo liwe picha ya kawaida yenye kiungo. Kama uongozi bado unasita, toeni nzima habari za Pwani na hali ya hewa kwanza, makala za maoni zibaki vipande kwa miezi mitatu, kisha mlinganishe idadi ya wanaobofya.

Msomaji,
Langoni, Lamu