Yah: Mashine ya kupiga mchanga isiyozimika, kijana wangu aliyeumia, na mlivyonitoa ofisini kwenu

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi niliikosa kwenye kaunta yenu Jumanne iliyopita. Risiti ya mashine ya kupiga mchanga mliyoniuzia mnayo kwenye mafaili, na masharti ya waranti mliyachapa wenyewe, kwa hiyo sitakusomea.

Nilikuja na kishikio cha usalama cha mashine hiyo, kile cha dedimani, nimekifunga kwenye kitambaa. Nikakifungua mbele ya msimamizi wenu wa huduma ili aone jinsi springi ilivyokwama na wenzo ulivyobaki umelala chini. Hakukishika. Alikisogeza kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesogeza mende aliyekufa, akasema mbele ya wateja wanne: "Mzee, mashine hizi si za mafundi wa uchochoroni." Kisha akamwita mlinzi anitoe.

Ndugu Meneja, kazi ya dedimani ni moja tu: fundi akiachia mkono, mashine ikate hewa na kusimama. Kijana wangu aliteleza juu ya jukwaa, akaachia, na mashine haikukata. Mpira wa mashine ukaanza kujipigapiga sakafuni ukiwa na presha ya psi 100, ukimwaga kila upande garneti, zile chembe ngumu za madini tunazopigia chuma, ukampitia pajani. Jinzi ilitoboka na ngozi ikachunika upana wa kiganja. Nilikimbia mwenyewe hadi kwenye kompresa kufunga koki, na kila nikikumbuka zile hatua naona zilikuwa nyingi mno. Zahanati, muuguzi alimtoa chembe moja moja kwa kibano. Kijana aling'ata kola ya shati lake asipige kelele.

Na mlikuwa mnajua. Wiki tatu kabla ya hapo nilipiga simu kwenu nikasema kishikio kinachelewa kukata. Fundi wenu alikuja baada ya siku tisa, hakukigusa, akaitazama kompresa yangu na kusema ni ndogo. Kompresa yangu inatoa futi za ujazo 185 kwa dakika. Nozeli mliyonipa ina tundu la milimita 8, na kwa psi 100 inakula kama 137. Kama mngenipa ya milimita 9.5, ambayo inataka karibu 196, hapo fundi wenu angekuwa na la kusema. Na kompresa ikiwa ndogo kazi inakwenda polepole, basi. Haizuii springi ya kishikio kurudi.

Fundi huyohuyo alinishauri niachane na garneti, nipige mchanga wa mtoni kwa kuwa ni rahisi. Nilishtuka. Vumbi la mchanga ule lina silika, linaingia kwenye mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa wake hauna tiba. Uingereza walishaukataza mchanga huo kwa kazi hii kwa sheria mwaka 1949. Mtu aliyevaa fulana yenye nembo yenu anawezaje kumwambia hivyo mtu mwenye vijana wanne karakanani?

Hasara nayo ipo. Tenki la mteja tulikuwa tumelifikisha Sa 2½, kiwango cha usafi wa chuma kabla ya kupaka rangi, chuma kinang'aa, kinangoja praima, yaani rangi ya kwanza. Kwa unyevu wa Dar chuma kikishapigwa hakingoji kesho. Sisi tulikuwa zahanati. Asubuhi yake tenki zima lilikuwa na rangi ya chungwa, ikabidi kazi ianze upya, garneti mpya, dizeli mpya, vyote mfukoni kwangu.

Nirudi kwenye kaunta, maana hapo ndipo nakosa usingizi. Sikuwa nimetaja pesa. Nilimwomba msimamizi wenu akibonyeze kishikio kwa mkono wake, aachie, aone. Hilo tu. Akakisogeza kwa kalamu, akasema yale maneno ya uchochoroni, halafu akaifuta kalamu yake kwa kitambaa changu. Kitambaa changu, Ndugu Meneja! Mmoja wa wale wateja wanne nilimfundisha mimi kuchomelea. Aliinamisha kichwa asinitazame. Mlinzi, mtu wa rika langu, alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Nisamehe kaka, natumwa tu." Yeye peke yake ndiye aliyeniomba radhi katika jengo lote. Miaka 26 nafanya kazi ya chuma, sijawahi kutolewa mahali kama mwizi.

Siku ile nilitaka kishikio kipya tu, na leo hakitoshi. Nataka mashine mwichukue na pesa yangu irudi yote. Nataka gharama za matibabu ya kijana, siku zake asizofanya kazi, na gharama za kulirudia tenki. Nataka msimamizi yule aje Keko, aombe radhi mbele ya vijana wangu. Na muwapigie simu wote mliowauzia mashine za aina hii waache kuzitumia hadi vishikio vikaguliwe. Hilo msilichelewe hata kama mengine mtanibishia, kwa sababu safari ijayo mpira unaweza kumpata mtu usoni.

Nilikusudia kuwapa siku kumi na nne. Nimekumbuka zile siku tisa za kumsubiri fundi wenu, kwa hiyo nawapa saba. Zikipita, malalamiko yanakwenda OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawaandikia ya mahakamani. Kishikio nimekifungia kabatini, sijakisafisha, na springi imekwama vilevile. Kitambaa nacho kipo, na alama ya wino.

Wenu,
Mwenye karakana,
Keko, Dar es Salaam.